Kujichapishia kitabu: anza na hesabu ya kurasa

Wandugu, kuko wengi kati yetu wenye hadithi fupi za mapenzi ndani ya simu, wanangojea mchapishaji. Mimi zangu nilizichapisha mwenyewe, kwa makuta niliyoweka ya mbegu za msimu B. Kwa hiyo nilihesabu kwanza.

Kwa mashine ya ofseti, karatasi kubwa moja ikikunjwa mara tatu inatoa kurasa 16. Hadithi zangu zilifika kurasa 98. Karatasi sita ni kurasa 96. Kwa zile mbili ningelipia karatasi ingine kwa kila kitabu. Nikapunguza machozi ya wapenzi, nikabaki na 96.

Kama unataka vitabu 50 tu, uliza mashine ya dijitali. Kutayarisha ofseti kunakula makuta ileile, uchape 50 ao 1.000.

Tena usiogope kuibiwa: kwa sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986, hadithi ni yako tangu umeiandika, hata bila kuiandikisha popote.

Ila chapa kidogo, uza, ndiyo urudilie. Kitabu chenye hakijauzwa ni mbegu inalala chini ya kitanda.