Kisiwa Kinauzwa: Je, Mnanunua Nini?



Hivi majuzi kikundi kimoja cha upande wa Ruiru kilituletea karatasi yenye picha. Ni kisiwa kidogo huko pwani: minazi, mchanga mweupe, bahari ya samawati. Dalali alikuwa amewaambia kwamba kinauzwa, na kila memba akitoa kidogo, wote watakuwa wenye kisiwa. Pesa ya kwanza ilitakiwa kabla ya Ijumaa. Mweka hazina akatuuliza, "Sasa hii ni mali ama ni hasara?" Tuliona swali lake linafaa vikundi vyote, kutoka Ruiru na Juja mpaka Thika.

Kwanza tuseme ukweli. Si kila mtu anayesema kisiwa kinauzwa ni mwongo. Kisiwa cha Chale, kusini ya Diani, kina hoteli ya watalii, na papo hapo kuna kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wadigo. Biashara ya namna hii iko. Shida ni kujua kile kinachouzwa hasa ni nini.

Jambo la kwanza: ufuo hauuzwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya mahali maji yanapojaa na mahali yanapokupwa ni ya umma. Kwa hivyo ule mchanga unaofunikwa na maji kila siku, ambao ndio uzuri wa picha, si wa muuzaji. Mikoko nayo iliwekwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932, na hamwezi kuikata bila ruhusa. Mkitoa mchanga na mikoko, huenda ekari zinazobaki ni chache kuliko mlivyofikiri.

Jambo la pili: kila hati ina historia yake. Mwaka wa 1908 Waingereza walitoa sheria kwamba kila mwenye ardhi ya pwani aje adai haki yake apewe cheti. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi hawakupata karatasi yoyote, na mpaka leo wako wajukuu wao wanaoitwa maskwota pale pale makaburi ya babu zao yalipo. Sisi watu wa Thika tunapaswa kuelewa haya upesi. Hata huku kwetu wazee waliamka wakakuta mashamba yamekuwa estate za kahawa na mkonge. Je, tunataka kuwa wale wanaokuja na karatasi kumfukuza mtu aliyezaliwa hapo?

Jambo la tatu: hata hati halisi inaweza kuanguka. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti yenyewe ilikuwa Nyali, karibu na bahari. Iligawiwa mtu wa kwanza mwaka wa 1989, ikauzwa, ikauzwa tena. Mwaka wa 2017 kaunti ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ilikuwa na hati mkononi. Lakini mahakama ilisema ardhi hiyo ilikuwa imetengewa umma, na kwa kuwa ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati iliyotoka hapo hailindwi, hata kama mnunuzi wa mwisho alilipa pesa zake vizuri. Kwa hivyo msiulize tu, "Iko na hati?" Ulizeni, "Hati hii ilianza vipi?"

Basi kikundi kifanye nini? Kabla ya kutoa hata shilingi moja:

1. Ombeni nambari ya shamba na nakala ya hati. Fanyeni sachi nyinyi wenyewe katika ofisi ya ardhi ya upande huo. Msikubali ile iliyoletwa na dalali.

2. Ulizeni kama ni ardhi ya kumiliki daima ama ni ya kukodi kwa serikali, na miaka iliyobaki ni mingapi.

3. Tumeni watu wawili au watatu waende na mpima wenu. Waone mawe ya mpaka, waongee na wavuvi, wazee na chifu. Waulize maji ya kunywa yanatoka wapi, kwa maana kisiwa kidogo cha mawe hakina mto. Huenda ni maji ya mvua ama ya kuletwa na mashua.

4. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, lazima Bodi ya Ardhi itoe kibali. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 baada ya mapatano. Bila kibali, mapatano hayana nguvu.

5. Tafuteni wakili wenu wenyewe, si wa muuzaji. Awaeleze hati itaandikwa kwa jina la nani. Isiwe ya mwenyekiti peke yake.

Wazee wetu wa Ruiru na Thika wanakumbuka makampuni ya kununua mashamba ya walowezi baada ya Uhuru. Wengine walipata ploti na wakainuka. Wengine walikaa na cheti cha hisa miaka na miaka bila hati. Wote walilipa. Tena hayo yalikuwa mashamba waliyoweza kuyafikia kwa miguu. Kisiwa kiko karibu kilomita 500 kutoka hapa. Msikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Kile kikundi cha Ruiru kilimwomba dalali nambari ya shamba. Tunapoandika haya, bado hajajibu. Ijumaa ilipita, na pesa za akina mama ziko benki.