Lori Kuukuu na Geji ya Oili Inayoshuka

Sindano ya geji ya oili ni kitu kidogo sana mbele ya dereva, na wengi hawaitazami mpaka siku inapolala juu ya sifuri. Siku hiyo kila mtu huwa na shauri lake. Utingo husema oili imekwisha, dereva husema geji ni mbovu, na fundi wa chini ya mti husema injini imekufa, na papo hapo hutaja bei yake. Huenda mmoja wao akawa anasema kweli, lakini hapana njia ya kumjua kwa kusikiliza maneno tu. Yapasa kupima. Mtu asiyepima aweza kulipia injini nzima kwa ajili ya kosa la springi ndogo, au aweza kuipuuza sindano na kupoteza lori pamoja na mzigo wa viazi uliokuwa ukienda sokoni.

Habari hii yahusu hasa malori ya petroli ya Bedford, maana ndiyo yaliyochukua mazao na watu katika nchi ya Kenya kwa miaka mingi. Jina la Bedford lilianza mwaka 1931, na malori hayo yaliundwa na kampuni ya Vauxhall huko Luton, Uingereza, kisha huko Dunstable. Aina ya TJ ilitokea mwaka 1958. General Motors, waliokuwa wenye kampuni hiyo, walitangaza mwaka 1986 kwamba wanaacha kazi ya malori makubwa, lakini yako ambayo yangali yakitembea. Huko Pakistan watu huyapaka rangi na mapambo kama bibi arusi. Injini yake ya petroli yenye silinda 6 na ujazo wa inchi 214 haina siri nyingi, na fundi mwenye subira aweza kuifungua kwa spana za kawaida. Hata hivyo, mengi yasemwayo hapa yafaa kwa karibu kila injini ya zamani.

Watu wengi hudhani kwamba pampu ya oili ndiyo inayofanya nguvu ile inayoonyeshwa na geji. Si hivyo. Pampu kazi yake ni kusukuma oili tu. Nguvu huja kwa sababu oili yazuiwa njiani. Mkulima aliyewahi kumwagilia mboga kwa mpira alijua jambo hili zamani: mdomo wa mpira ukiwa wazi maji hutoka kwa upole, akiubana kwa kidole yaruka mbali. Katika injini, kidole hicho ni nafasi nyembamba iliyopo kati ya krankishafti na beringi zake. Oili yatoka katika sampu, yapita chujio la waya, yaingia katika pampu yenye gia mbili, kisha yapelekwa katika njia kuu ndani ya bloku, na kutoka hapo yagawanywa kwa beringi kubwa, kwa beringi za mikono ya pistoni, kwa kamshafti na kwa vyuma vya vali huko juu.

Kipimo cha kawaida cha nafasi hiyo ni kama sehemu 1 ya 1000 ya inchi kwa kila inchi ya unene wa chuma. Yaani chuma cha inchi 2 chapewa nafasi ya sehemu 2 za 1000. Sasa msomaji na aangalie jambo hili vizuri: nafasi ikiongezeka mara mbili, oili inayovuja hapo haiongezeki mara mbili tu, bali mara 8. Ndiyo maana injini yaweza kwenda miaka mingi bila sindano kushuka sana, halafu katika miezi michache ikashuka kwa haraka.

Kazi ya kutafuta ugonjwa yafaa ianzie kwa kitu kisicho na gharama. Lori lisimame mahali palipo sawa, injini ikae kimya dakika chache, ndipo kijiti kitolewe, kipanguswe, kirudishwe na kutazamwa. Kisha kijiti kinuswe. Harufu ya petroli, au oili iliyopanda juu ya alama ingawa hapana mtu aliyeiongeza, yaonyesha kwamba ngozi iliyo ndani ya pampu ya petroli, ile iliyofungwa ubavuni mwa injini, imetoboka, na petroli yashuka katika sampu. Oili ya namna hiyo ni nyepesi kama maji na haiwezi kulinda chuma. Mtu asisogeze sigara wala taa ya moto hapo. Mwenye lori na abadilishe ngozi hiyo na oili yote, halafu atazame geji tena kabla ya kuagiza kitu kingine.

Geji nayo hudanganya. Ile ya bomba jembamba huziba kwa uchafu, na ile ya umeme huharibika waya au kifaa chake. Fundi wa kweli huwa na geji yake mwenyewe, ambayo huifunga moja kwa moja katika bloku, injini ikiwa moto. Kwa kukadiria, ratili 10 kwa kila inchi ya mraba zatosha kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika. Lakini penye kitabu cha injini, kifuatwe kitabu. Fundi anayekataa kupima kwa geji ya pili, akasema masikio yake yatosha, yafaa aagwe kwa adabu.

Neno “injini ikiwa moto” lina maana kubwa, hasa kwa mnunuzi. Oili baridi ni nzito, na injini iliyochakaa sana yaweza kuonyesha ratili 50 asubuhi. Wako wauzaji wanaotia oili nzito, namba 50, siku ya kuuza, ili sindano isimame wima mnunuzi anapotazama. Kwa hiyo watu waliochanga fedha zao wanunue lori kwa shirika wasitosheke na kuiwasha injini uani. Na waombe lipande kilima likiwa na mzigo, kwa nusu saa au zaidi, halafu likisimama injini ikizunguka polepole, watazame. Hapo ndipo ukweli huonekana. Muuzaji akikataa, amekwisha jibu.

Ikiwa oili ni safi na geji ni kweli, na bado nguvu ni kidogo, iko vali ndogo yenye springi ambayo kazi yake ni kurudisha oili katika sampu nguvu inapozidi. Kipande kidogo cha uchafu kikikaa chini yake, vali haifungi, na oili yarudi bure. Kuitoa na kuisafisha si kazi kubwa. Lakini ile desturi ya kutia washa nyuma ya springi ili kuikaza haiponyi kitu. Vali ikiwa inafunga vizuri, haihusiki kabisa wakati nguvu imekwisha kuwa ndogo. Hata zikitiwa washa 10, oili itaendelea kupotea katika beringi kama kwanza.

Kisha sampu huteremshwa. Matope meusi yaliyoziba chujio hupatikana mara nyingi katika malori yanayokwenda safari fupi na kubadilishwa oili mara chache. Bomba la kuvutia likiwa na ufa, pampu huvuta hewa. Mfuniko wa pampu ukiwa umelika na gia, waweza kusawazishwa kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo.

Zikibaki beringi, sikio sasa lina kazi. Injini ikigonga, waya za plagi zitolewe moja moja: mgongo ukipungua waya fulani inapotolewa, beringi ya mkono wa silinda hiyo ndiyo mbaya. Mngurumo mzito wa chini, unaosikika lori likivuta mzigo, ni wa beringi kubwa za krankishafti. Beringi ikifunguliwa, rangi yake husema mengi: ya kijivu iliyo laini ni nzuri, katika aina nyingi, ile inayoonyesha wekundu wa shaba imekwisha kulika.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Fundi asiye na maikromita huweka beringi mpya juu ya chuma kilichokuwa si duara tena, na baada ya muda mfupi mgongo hurudi. Wengine hupiga tupa vifuniko vya beringi ili zibane. Kwa kufanya hivyo tundu lenyewe huacha kuwa duara, na mkono huo umeharibika. Krankishafti yapasa kupimwa mahali kadha kwa kila shingo, na ikiwa imelika ipelekwe kusagwa kwa mashine, kisha zinunuliwe beringi za kipimo hicho: sehemu 10, 20, 30 au 40 za 1000 ya inchi. Beringi za kamshafti nazo zitazamwe, maana husahauliwa sana, na oili hupita hapo kimya bila mgongo wo wote.

Injini ikifungwa tena, pampu ijazwe oili kwa mkono kwanza, maana pampu kavu yaweza kushindwa kuvuta. Plagi zitolewe, injini izungushwe kwa stata mpaka sindano ianze kupanda, ndipo plagi zirudishwe na injini iwashwe. Kwa maili 500 za kwanza lori lipewe mzigo mwepesi, halafu oili hiyo imwagwe yote, na chujio libadilishwe.