Kwa Nini Mama Hukopa na Biashara Isikue?

Katika ukaguzi wa chama kimoja wilayani Handeni, mwanachama anayefanya biashara ya mahindi aliniuliza: "Bwana Mkaguzi, huu ni mwaka wa tatu nakopa na kulipa bila kuchelewa. Mbona magunia yangu hayaongezeki?" Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kumwambia aongeze bidii.

Sababu ya kwanza ni riba. Tuseme mama amekopa Sh. 240,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Mkopeshaji akihesabu riba juu ya mkopo wote wa awali, atatoza Sh. 7,200 kila mwezi, yaani Sh. 86,400 kwa mwaka. Akihesabu juu ya deni lililobaki, na mama akirejesha Sh. 20,000 za mkopo kila mwezi, riba yote itakuwa Sh. 46,800 tu. Kiwango kilichoandikwa ni kile kile, lakini Sh. 39,600 zimeondoka katika faida ya mama.

Sababu ya pili ni muda. Mama lishe wa Manundu, Korogwe, huuza kila siku, hivyo aweza kulipa kila wiki. Mwenye mahindi hungoja bei ipande. Akidaiwa tangu wiki ya kwanza, hana budi kuuza kwa bei ya mavuno, ama kukopa kwingine ili alipe. Hapo ndipo huangukia mikononi mwa wale ambao mikopo yao wananchi wameiita "kausha damu".

Sababu ya tatu ni mahitaji ya nyumbani. Mtoto akiugua, mtaji ndio fedha iliyo karibu. Kwa hiyo akiba hutangulia mkopo, na mfuko wa dharura ni ngao ya mtaji.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vyama vya akiba na mikopo katika daraja la tatu, na vikundi vya kijamii katika daraja la nne. Aidha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake.

Makatibu wanaombwa wafanye mambo matatu. Kwanza, mkopaji asomewe kwa shilingi, siyo kwa asilimia peke yake, jumla atakayolipa kabla hajatia sahihi au dole gumba. Pili, kamati ya mikopo ipange marejesho kufuata mzunguko wa biashara inayokopeshwa. Tatu, kitabu cha akiba kikae kwa mwanachama mwenyewe, si kwa mumewe wala kwa katibu.

Yule mama hakukosa bidii. Alikosa mtu wa kumkokotolea hesabu mapema, na kazi hiyo ni yetu.