Je, Wajua? Mpangaji ni Nani, Mpangishaji ni Nani?

Mwingereza akikuambia "she rents rooms", bado hujajua kama mama huyo analipa kodi au anaipokea. Kitenzi hicho kinawafaa wote wawili, mpangaji na mwenye nyumba. Kuondoa utata, huongezewa kijineno "out": "rent out" ni kupangisha, kazi ya mwenye mali tu. Nyumba unaweza kuitaja katikati au mwishoni, "rent the house out" au "rent out the house". Ila ukitumia kiwakilishi, hakina budi kukaa katikati: "rent it out". Kukitupa mwishoni ni kosa.

Kwetu kazi hiyo hufanywa na mkia wa kitenzi: kupanga na kupangisha, kukodi na kukodisha. Ingawa mitaani, hasa Kenya, utamsikia mtu akisema "nimekodisha teksi" na kumbe yeye ndiye abiria!

Mabango ya nyumba za kupangisha Uingereza huandikwa TO LET. Watundu huchomeka herufi I katikati, na nyumba ya kifahari ikatangazwa kuwa choo, TOILET. Wamarekani huandika FOR RENT, wakaepuka aibu hiyo.

Je, wajua kwamba London kuna kodi isiyolipwa kwa fedha? Kila mwaka Jiji hulipa kwa Mfalme viatu 6 vya farasi na misumari 61, kodi ya karakana ya mhunzi iliyokuwa karibu na barabara ya Strand. Ilianza mwaka 1235. Mhunzi na tanuri lake walishatoweka karne nyingi zilizopita, lakini misumari bado huhesabiwa mmoja mmoja mbele ya afisa wa Mfalme, naye akiridhika husema hesabu ni sawa. Viatu ni vilevile vya zamani. Hutolewa tena mwaka unaofuata.

Na Waingereza wenyewe wamewahi kuwa wapangaji wa Sultani wa Zanzibar. Kwa mkataba wa 1895 walimlipa pauni 11,000 kwa mwaka kwa ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya. Amri walitoa wao, lakini bendera nyekundu ya mwenye nyumba iliendelea kupepea Ngome ya Yesu, Mombasa, hadi 1963.