Fundo la Nguo na Swali la Asili: Kikwembe cha Bukavu na Guntino ya Wasomali

1. Utangulizi

Miongoni mwa alama za utamaduni, vazi ndilo linaloonekana kwanza, na kwa sababu hiyo ndilo linalofasiriwa kwa haraka kuliko zote. Mtu hutazama jinsi mwenzake alivyojifunga nguo, papo hapo akamtajia kabila, dini na hata nchi ya asili. Makala haya yanakusudia kulinganisha vazi la wanawake wa Bukavu, yaani kikwembe, na vazi la jadi la wanawake wa Kisomali, yaani guntino. Huenda msomaji akaona kwamba mbali ni mbali. Hata hivyo, tangu karne ya 19 wako waandishi waliotumia mifanano ya desturi kudai kwamba baadhi ya watu wa Maziwa Makuu walitoka Pembe ya Afrika, na madai hayo yamemwaga damu. Swali letu basi ni hili: vazi laweza kutueleza nini, na ni nini lisichoweza kutueleza?

2. Mavazi ya Kivu kabla ya pamba

Kabla ya nguo za pamba kuenea, wafugaji wa Bushi walivaa ngozi za ng'ombe na za mbuzi. Katika misitu ya magharibi, na vilevile Rwanda na Burundi, zilitumika nguo za magome ya miti yaliyopondwa hadi yakalainika. Cheo kilitambulika kwa mapambo. Mwami wa Bushi alikuwa na ishungwe, taji la ufalme. Kwa Walega, chama cha bwami kilikuwa na kofia na mapambo ya kila daraja, na mtu hakuruhusiwa kuvaa ya daraja asilolifikia.

Mfano ulio bora zaidi kwa mada yetu ni butega. Hivi vilikuwa vikuku vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni, upande wa magharibi wa Ziwa Kivu. Wanawake walivivaa miguuni, na katika karne ya 19 vilivushwa ziwa hadi Rwanda, vikatumika pia kama fedha ya kununulia bidhaa nyingine. Kwa hiyo, hata kabla ya misafara ya pwani, pambo lililofumwa na watu wa jamii moja lilivaliwa na wanawake wa jamii nyingine, na hakuna aliyebadili ukoo kwa kulivaa.

3. Guntino na vitambaa vya Benadir

Wasomali nao walikuwa na historia tofauti, kwa kuwa miji yao ya pwani ilijua kufuma pamba tangu zamani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji huo zilipelekwa hadi Misri. Ufumaji huo uliendelea katika miji ya Benadir, ukiwemo mji wa Barawa, ambako Chimini, lahaja ya Kiswahili, imezungumzwa kwa karne nyingi.

Guntino ni kitambaa kirefu kinachofungwa fundo juu ya bega moja, kisha kikazungushwa mwilini na kukazwa kiunoni. Jina lenyewe latokana na kitendo cha kufunga fundo. Juu yake mwanamke aliweza kujitanda garbasari, na aliyeolewa alifunika nywele kwa shashi. Katika miji ya kaskazini lilienea dira, gauni pana la kitambaa chepesi. Siku hizi guntino huonekana zaidi katika arusi na ngoma, kwani baada ya vita vya mwaka 1991 vazi la jilbabu lilienea sana.

4. Merikani: bidhaa moja, pande mbili

Pande hizi mbili zilikutana katika gulio moja. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Sultani Said na Marekani, vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi kutoka Massachusetts vilimiminika Unguja. Watu wakaviita merikani. Wafumaji wa Benadir walilazimika kushindana navyo. Huko bara, misafara ilivibeba hadi Tabora, Ujiji, Uvira na Kasongo, vikipimwa kwa mkono, shuka, doti na jora. Shuka ni mikono minne, doti ni shuka mbili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani (1861–1865) vilipopunguza bidhaa hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilichukua nafasi yake, lakini jina likabaki.

Msomaji atambue kwamba njia iliyoleta kitambaa ndiyo pia iliyoleta Kiswahili. Lugha tunayoitumia Bukavu na nguo tunayojifunga ni wasafiri wa msafara mmoja.

5. Kikwembe na siasa ya uhalisi

Kitambaa cha rangi kinachoitwa kitenge Afrika Mashariki, na liputa mjini Kinshasa, ndicho kikwembe cha Bukavu na Lubumbashi. Nakshi zake za nta zilianza kwa kuiga batiki ya Java. Kiwanda cha Vlisco cha Helmond, Uholanzi, kilianza kazi mwaka 1846. Baadaye viwanda vya Kinshasa na Kisangani vilichapa vitambaa hapa nchini.

Chini ya siasa ya uhalisi ya Mobutu, iliyoshika kasi kuanzia mwaka 1971, wanaume walitakiwa kuvaa abakosti badala ya suti na tai, na wanawake walikatazwa suruali. Amri hizo zililegezwa mwaka 1990. Kwa miaka hiyo yote, kitambaa chenye asili ya Java na Uholanzi kilihesabiwa kuwa vazi halisi la mwanamke wa Zaire. Hapa hapakuwa na uongo. Wanawake walikuwa wamekwisha kukifanya chao: katika mahari mama wa bibi arusi hupewa kikwembe, mtoto hubebwa kwacho mgongoni, na kila tarehe 8 Machi vikundi vya akina mama huvaa sare ya nakshi moja. Uhalisi wa vazi umo katika matumizi yake.

6. Hatari ya kusoma damu katika nguo

Kitambaa cha kutupia bega moja huvaliwa Rwanda kwa jina la mushanana, Burundi kwa jina la imvutano, na pia na baadhi ya wanawake wa Kivu ya Kusini. Kinafanana na guntino. Je, mfanano huo ni ushahidi wa ukoo mmoja? Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alidai kwamba watawala wa Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi. Nadharia hiyo ikaingia katika shule za kikoloni. Mwaka 1992, katika hotuba ya uchochezi huko Kabaya, Rwanda, ilisemwa kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto. Mauaji ya kimbari yakafuata mwaka 1994, na vita vikavuka hadi Kivu mwaka 1996. Tangu hapo watu wengi wamehukumiwa kwa sura na matamshi yao, na vazi huingizwa kwa wepesi katika hukumu hiyo.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kitambaa kisichoshonwa hakina njia nyingi za kukaa mwilini: hufungwa begani, kifuani au kiunoni. Fundo linaweza kubuniwa mara nyingi na watu wasiojuana. Basi mtafiti anayelinganisha mavazi na aulize kwanza kitambaa kilifumwa wapi, kilipita njia gani, na kinaitwaje na wanaokivaa. Maswali hayo yana majibu. Swali la damu ya mvaaji, nguo haina la kulijibu.