TUMBAKU NA VIJANA: WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, mtu mzima humtuma mtoto dukani akamnunulie sigara bila kuona ubaya wowote. Hata hivyo, Sheria ya Bidhaa za Tumbaku (Udhibiti) ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Aidha, mwenye duka hawezi kutambua ni mtoto yupi aliyetumwa na ni yupi anayejinunulia. Hivyo mlango hufunguliwa na wazee wenyewe.

Kinachomnasa kijana ni nikotini, sumu iliyomo katika jani la tumbaku. Moshi ukishavutwa, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache tu. Ubongo huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi. Kwa sababu hiyo kijana huzoea upesi, na akishazoea huona taabu kubwa kuacha. Ugoro na tumbaku ya kutafuna pia si salama kwa kuwa tu hazina moshi: nazo zina nikotini, na tumbaku ya kutafuna huleta saratani ya kinywa.

Hasara ya fedha nayo si ndogo. Sigara zinazouzwa mojamoja huonekana rahisi, lakini kijana avutaye tano kwa siku huchoma sigara 1,825 kwa mwaka, yaani pakiti 91 za sigara ishirini ishirini. Fedha hizo zingetosha kununua jembe na mbegu bora za mahindi, au hisa katika chama chake.

Ni kweli kwamba tumbaku ni zao la biashara kwa wanaushirika wa Tabora na Urambo. Lakini huko pia mtoto hapaswi kuligusa: nikotini ya majani mabichi yenye umande hupenya ngozini, ikaleta kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu.

Samaki mkunje angali mbichi. Inafaa kila chama cha msingi kilijadili jambo hili katika mkutano mkuu wake na kukata shauri mambo mawili: maduka ya wanachama yasimwuzie mtoto sigara hata akisema ametumwa, na kila mwanachama avutaye aende dukani kwa miguu yake mwenyewe.