Koti jepesi, kazi nzito: Hesabu ya fundi suti Kinondoni

SOKO la suti za kushona wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, lina kitendawili ambacho mwenye mtaji mgeni hushindwa kukitegua: koti lenye vitu vichache ndani huweza kumgharimu fundi zaidi kuliko lile lililojazwa.

Koti la kawaida lina tabaka tatu. Juu ni kitambaa chenyewe, katikati ni kitambaa kigumu kinachosimamisha kifua na kola, na ndani kabisa ni bitana inayoficha mishono. Mabegani huongezwa pedi. Katika ushonaji wa bei nafuu tabaka la kati hugandishwa kwa gundi na pasi, na fundi huokoa saa nyingi. Tatizo huja baadaye. Gundi hafifu ikikutana na maji na joto huachia, na kifua cha koti hufanya malengelenge.

Njia ya zamani ni kulishikiza tabaka hilo kwa sindano ya mkono. Katika mtaa wa Savile Row, London, suti moja ya namna hiyo huchukua saa 50 au zaidi.

Njia ya tatu ni ile ya wabunifu: kuondoa pedi, bitana na pengine hata tabaka la kati. Vincenzo Attolini aliijaribu mjini Napoli, Italia, miaka ya 1930, na Giorgio Armani akaieneza duniani kuanzia miaka ya 1970. Martin Margiela, Mbelgiji aliyeanzisha nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1988, alikwenda mbali zaidi kwa kuifanya mishono ya ndani kuwa pambo la nje.

Afrika nayo ilikuwa na jibu lake. Suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Kenneth Kaunda aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, mara nyingi hushonwa mikono mifupi, bila tai na bila matumbo mazito. Hapa nchini ilienea pamoja na ndugu yake Chuenlai, iliyoitwa kwa jina la Waziri Mkuu wa China, Chou En-lai, aliyezuru Tanzania mwaka 1965. Kwa jiji lenye joto na unyevu kama Dar es Salaam, mantiki yake haihitaji maelezo.

Bei ya kuvua bitana

Hata hivyo, bitana ikiondolewa, kila mshono huonekana. Ovaloki pekee haitoshi kwa mteja wa suti. Fundi hulazimika kufunga kingo moja moja kwa utepe wa kitambaa uliokatwa mshazari, na bega lisilo na pedi halisitiri kosa la mkasi. Anachookoa kwenye bitana na pedi hukilipa kwa muda.

Hapo ndipo penye hatari. Tuchukue mfano wa fundi anayemaliza koti moja kwa siku. Akihamia mtindo unaomchukua siku tatu, ujira wa koti moja ni lazima uwe mara tatu ili asirudi nyuma, na bado hajapata faida ya ubunifu wake. Mteja akiendelea kulipa bei ile ile kwa kuwa koti ni jepesi, fundi anafadhili mitindo kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Mshindani mkubwa ni mtumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuuondoa sokoni kwa awamu, na ushuru ukapanda kutoka senti 20 hadi senti 40 za dola kwa kilo, au asilimia 35 ya thamani, kutegemea kipi ni kikubwa. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za mpango wa AGOA, ni Rwanda pekee iliyoshikilia msimamo, na mwaka 2018 ikapoteza nafuu hizo kwa upande wa nguo. Mtumba umebaki, na nguo mpya kutoka nje zimewekewa ushuru wa asilimia 35 tangu Julai 2022.

Kwa fundi, mtumba ni adui na mwalimu pia. Koti la Italia lililofumuliwa mezani humwonyesha namna bega lilivyojengwa, bila ada ya chuo.

Mahitaji yapo kwenye harusi, ambako bwana harusi na msimamizi wake hutaka vazi la kipekee, na kwenye majukwaa kama Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008. Lakini mitindo haina mkataba. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, ilhali Rais William Ruto ndiye aliyekuwa amezirudisha kwenye chati. Fundi aliyejaza shehena ya vitambaa kwa mtindo mmoja hujikuta na mzigo.

Ushauri wa soko ni huu: fundi apokee malipo ya awali yanayotosha kununua kitambaa, atenge bei ya kazi na bei ya vifaa kwenye risiti, na asianze koti la majaribio kabla ya kuhesabu saa zake. Mteja naye, kabla ya kulalamikia bei, aligeuze koti nje-ndani na kuangalia mishono. Fedha yake iko huko.